Mabati 140 na kimya cha Goma

Katikati ya mwezi wa Juni 2021, kijana mmoja alishuka kutoka kwenye boti ya usiku hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwa na karatasi saba mfukoni. Zote zilitoka kwenye printa ya depo anayofanyia kazi Goma, na zote zilisema maneno yale yale: toa mabati 20, pakia botini, peleka Bukavu. Saba mara ishirini ni mia moja na arobaini. Mabati hayo hayakuwepo tena katika depo ya Goma. Na kwenye kompyuta ya Bukavu, nambari zile saba zilikuwa na neno moja pembeni: imefutwa.

Programu ya kompyuta ile ya Bukavu niliiandika mimi. Ya Goma pia. Vitabu viwili vya mwandishi mmoja vilikuwa vinakanushana, na katikati yake mtoto wa watu aliitwa mwizi kwa siku tatu. Nimesubiri miaka miwili kabla ya kuandika habari hii, kwa sababu nilitaka kwanza niielewe mpaka chini. Sasa nadhani naielewa.

Mwenye mali ni mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu. Nitamwita Mama tu. Anauza vifaa vya ujenzi: misumari, simenti, rangi, na zaidi ya vyote mabati. Duka lake liko karibu na soko la Kadutu, lakini mabati mengi anayaweka Goma, upande wa Birere, maana kwenye milima yetu nafasi tambarare ya kulaza bati elfu moja haipatikani kwa bei ya kawaida. Mteja analipa Bukavu, Goma wanatoa mzigo, boti inavuka Ziwa Kivu, mteja anakwenda kuchukua vitu vyake kwenye hanga la bandari. Miaka yote kazi hiyo ilifanyika kwa simu na daftari. Mama alipoona anasahau, aliniomba nimtengenezee kitu kisichosahau.

Nilimtengenezea hivi. Mteja akilipa, kompyuta ya Bukavu inaipa oda nambari na kutuma ujumbe Goma: omba. Kompyuta ya Goma ikiupokea inatazama orodha yake. Kama nambari hiyo haijawahi kuiona, inapunguza mabati kwenye hesabu, inaandika nambari, inachapa karatasi ya kupakia, na kujibu: ndiyo. Kama nambari ipo tayari, inajibu tu ndiyo bila kupunguza tena. Hapo nilijua ninachofanya: ujumbe unaorudiwa usihesabiwe mara mbili. Bukavu isipopata jibu inatuma tena. Zikipita saa 72 bila jibu, inaifuta oda, Mama anamrudishia mteja pesa zake, na ujumbe mwingine unakwenda Goma: futa. Goma ikiupata inarudisha mabati kwenye hesabu, inaiondoa nambari katika orodha, na kujibu kwamba imefanya.

Kwa kuwa mtandao wetu unakuja na kuondoka, na umeme vivyo hivyo, niliongeza njia ya pili. Oda zote za siku zinanakiliwa kwenye flashi, na flashi anapewa mpwa wa Mama anayesafiri na boti mara kwa mara. Akifika, kijana wa depo anaichomeka, programu inasoma. Oda moja, njia mbili. Nilijaribu kila kitu nilichoweza kukiwaza: nilizima modemu, nilituma mara tano, nilichomeka flashi ile ile mara tatu. Hesabu ilikaa sawa. Kwa miezi minne ilikaa sawa.

Halafu Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, volkeno ya Nyiragongo, iliyo jirani na Goma, ikalipuka. Lava ilishuka mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, na alfajiri ya tarehe 27 mamlaka ya mkoa ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Watu walikwenda Sake, walivuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda boti kuja kwetu. Wiki ile Bukavu ilikuwa imejaa magodoro na watoto. Hakuna mtu aliyekuwa anafikiria mabati, wala mimi sikufikiria. Nasimulia habari ya mabati nikijua kabisa kwamba wiki ile kulikuwa na watu waliopoteza nyumba na watu waliopoteza watoto wao njiani.

Lakini programu haijui volkeno. Kompyuta ya Bukavu ilijua kitu kimoja tu: Goma imenyamaza.

Nimekuja kuamini kwamba kazi yote ya mifumo ya kompyuta zinazozungumza kwa mbali inaanzia hapo, kwenye kimya. Ukiwa na kompyuta moja, kitu kimetokea au hakikutokea, na unaweza kuangalia. Ukiwa na mbili, yenye kusubiri jibu haijui kama ujumbe wake ulipotea njiani, au ulifika na jibu ndilo lililopotea, au mwenzake amezimika, au anachelewa tu na jibu litafika kesho. Kwa anayesubiri, hali hizi nne zinafanana. Waswahili wa pwani husema kimya kina mshindo mkuu. Sisi wa mashine mshindo tunausikia baadaye, siku ya kuhesabu mali.

Jambo hili lina jina vitabuni. Linaitwa tatizo la majenerali wawili, na Jim Gray ndiye aliyelieneza kwa jina hilo mwaka 1978. Majenerali wako kwenye vilima viwili, wanataka kushambulia pamoja, na mjumbe wao anaweza kukamatwa bondeni. Mimi ni mtu wa Kivu, sitaki kufundisha kwa majenerali na vilima. Weka akina mama wawili wafanyabiashara, mmoja Bukavu, mmoja Goma, na barua zinazopita botini. Wa Bukavu anaandika: tununue shehena ile Alhamisi, kila mtu nusu, mmoja akinunua peke yake atafilisika. Wa Goma anajibu: nimekubali. Je, sasa anunue? Hapana, maana hajui kama jibu lake limefika. Lisipofika, mwenzake hatanunua. Basi anahitaji jibu la jibu. Na aliyetuma jibu la jibu naye atakaa na hofu ile ile. Ongeza barua mia, aliyetuma barua ya mwisho hatajua kama ilifika. Imethibitishwa kihisabati kwamba hakuna mpangilio wowote wa barua utakaowapa wote wawili uhakika. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha jambo la jirani lililo gumu zaidi: hata kama barua zote zinafika, lakini hujui zitachelewa kiasi gani, na kompyuta moja tu inaweza kufa, hakuna kanuni isiyotegemea bahati nasibu inayohakikisha kwamba kundi zima litafikia uamuzi mmoja.

Niliposoma hayo nilipata faraja ya ajabu. Nilikuwa nimetafuta kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa, yaani kwenye mtandao. Kimya hakitibiki, lakini unaweza kupanga kazi yako ili kimya, hata kikidumu wiki mbili, kisiharibu kitu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Oda saba zililipwa siku mbili kabla ya mlipuko. Ujumbe wa omba ulifika Goma kwa mtandao Jumamosi asubuhi. Mabati 140 yakapunguzwa kwenye hesabu, karatasi saba zikachapwa, na majibu hayakufika Bukavu. Mchana Mama alimpa mpwa wake flashi yenye oda hizo hizo. Mpwa alipanga kusafiri Jumapili. Hakusafiri, na flashi ikabaki mfukoni mwa koti. Saa 72 zikaisha, Bukavu ikafuta, wateja wakarudishiwa pesa. Mwanzoni mwa Juni watu walipoanza kurudi, kijana aliwasha kompyuta ya Goma, ujumbe wa futa ukaingia, mabati 140 yakarudishwa kwenye hesabu, nambari saba zikaondolewa kwenye orodha, naye akachana zile karatasi za kwanza kama nilivyomwelekeza mimi mwenyewe. Siku chache baadaye mpwa akavuka ziwa. Koti lile lile, flashi ile ile. Kijana akaichomeka. Programu ikasoma nambari saba, ikatazama orodha, haikuziona. Kwake zilikuwa oda mpya kabisa. Printa ikatoa karatasi saba, kijana akapakia mabati 140 kwa uaminifu wote.

Yalifika hanga la Bukavu kwa majina ya wateja waliokwisha kurudishiwa pesa. Wenye hanga walipowapigia, wateja walisema mambo yetu yalikwisha. Mabati yakakaa pale. Mama alipotuma mtu kuhesabu Goma, yalipungua 140, na kompyuta ya Bukavu ilisema hakuna oda hata moja iliyo wazi. Kijana akaonyesha karatasi zake. Akaambiwa amezichapa mwenyewe.

Yeye ndiye aliyeyapata mabati. Alipanda boti kwa nauli yake, akapita hanga baada ya hanga, mpaka akayakuta yamefunikwa turubai. Mimi nilikuwa bado nasoma mafaili ya kumbukumbu. Alinitazama akaniuliza kwa upole ambao bado unaniuma: «Ya kubwa, mashini yako ilinijua miye ni mwizi, ao ilikosa?»

Nilirekebisha kosa usiku ule, na Mama ndiye aliyenipa dawa bila kujua. Nilimweleza kwamba Goma iliiondoa nambari kwenye orodha, ndiyo maana haikuikumbuka. Akashangaa. «Mwanangu, katika buku ya deni mutu hapasule karatasi. Anapiga mustari, anaandika juu yake: imefutwa. Karatasi inabaki.» Hivyo ndivyo ilivyo. Nambari iliyofutwa inapigwa mstari, haing'olewi, na oda ya zamani ikija kwa flashi inagonga mstari huo na kurudi. Mistari sita ya programu.

Lakini sikulala, maana nilikuwa nimekosea mahali ambapo nilikuwa nimejaribu kwa makini. Kitu gani kingeniambia kwamba hakuna njia nyingine iliyojificha? Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alikwisha kuonya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kuijaribu programu kunaweza kuonyesha kosa lililomo, hakuwezi kuonyesha kwamba halimo. Fikiria hesabu yake. Oda moja ina matukio manane hivi tangu kutumwa mpaka kufungwa. Oda mbili zikienda pamoja, matukio yao yanaweza kuchanganyika kwa namna 12,870. Oda tatu, namna zaidi ya bilioni 9. Mimi nilikuwa nimejaribu labda namna thelathini, na zote zilikuwa zile ambazo kichwa changu kilikuwa tayari kinaziogopa. Flashi iliyosahauliwa kwenye koti haikuwemo.

Ndipo nilipokutana na TLA+. Ni lugha ya kuandika maelezo ya mfumo kwa hisabati, na mwenye kuiunda ni Leslie Lamport, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2013, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Jina lake nilikuwa nalijua kwa makala yake ya 1978 kuhusu wakati. Kwangu makala hiyo ilikuwa ya lazima, maana wazo la kwanza la kila mtu ninayemsimulia habari hii ni hili: si ungeandika saa kwenye kila ujumbe? Kompyuta ya Goma ilikuwa na betri ya saa iliyokufa. Kila umeme ukikatika, ikiwaka inarudi mwaka wa kiwandani. Na hata saa zilizo nzima hazikubaliani kabisa. Lamport alionyesha kwamba mara nyingi huhitaji saa ya ukutani. Unahitaji kujua tukio gani lingeweza kusababisha lipi: kutuma kunatangulia kupokea, na ndani ya kompyuta moja la kwanza linatangulia la pili. Kila mashine iweke hesabu yake, iongeze moja kwa kila tukio lake. Ujumbe ukifika, ichukue hesabu iliyo kubwa kati ya yake na ya ujumbe, iongeze moja. Basi. Matukio mawili yasiyoweza kufikiana hayana la kwanza wala la pili, na hakuna dhambi katika hilo.

TLA+ inatoka kwenye mti huo huo wa fikra. Amir Pnueli alikuwa ameonyesha mwaka 1977 kwamba mantiki yenye maneno kama «daima» na «hatimaye» inafaa kusemea mwenendo wa programu. Lamport akaijenga mantiki yake ya matendo, akaichapisha mwaka 1994, na lugha yenyewe ikafuata. Huandiki programu. Unaandika vitu vitatu tu, kwa hisabati ya sekondari: seti, «na», «au», «kwa kila». Kwanza, hali ya mwanzo: Goma ina mabati kadhaa, hakuna oda, hakuna ujumbe njiani. Pili, hatua zinazoruhusiwa: hali ikiwa hivi, inaweza kuwa vile. Hesabu ya kabla ya hatua inaitwa mabati; ya baada ya hatua inawekewa alama ndogo juu, mabati', na unaandika kwamba mabati' = mabati − 20. Tatu, sharti la daima: jambo ambalo lazima liwe kweli katika kila hali inayoweza kufikiwa.

Kisha unampa mkaguzi. Ni programu, anaitwa TLC, na Yuan Yu ndiye aliyemwandika. Anaanza na hali ya mwanzo, anafuata kila hatua inayowezekana, kutoka kila hali inayopatikana tena kila hatua inayowezekana, akiweka alama ya hali alizokwisha kupita asizirudie. Ndiyo maana yale mabilioni hayamtishi sana: njia nyingi hukutana kwenye hali moja. Akikuta hali inayovunja sharti anasimama na kukuonyesha njia fupi kuliko zote iliyomfikisha hapo, hatua kwa hatua. Haihitaji mtandao. Ukishapakua programu na kitabu cha Lamport cha 2002, ambacho yeye mwenyewe anakitoa bure, unafanya kazi kwenye kompyuta moja ya mkononi, delestaji (mgao wa umeme) au hakuna delestaji, mpaka betri iishe. Nilijifunza hivyo, kuanzia Agosti, usiku, nikisoma Kiingereza na kuandika maelezo yangu pembeni kwa Kiswahili: hali, hatua, sharti la daima, njiani.

Kazi ngumu haikuwa lugha. Kazi ngumu ilikuwa kujua ninataka nini. Sharti langu la kwanza lilikuwa: daima kitabu cha Goma na kitabu cha Bukavu vinakubaliana. Mkaguzi alilikataa kwenye hatua ya pili. Goma ikipunguza mabati, kwa muda fulani Bukavu haijui. Hilo si kosa, ndivyo umbali ulivyo. Nilikaa na jambo hili siku nne. Nilikuwa nimeuza mfumo, watu wanautumia, na sikuwa nimewahi kusema kwa sentensi moja sahihi unatakiwa uwe nini. Mwishowe niliandika hivi: kama hakuna ujumbe ulio njiani kwa mtandao wala jibu linalosubiriwa, kila oda ambayo Goma inaihesabu kuwa imetoka, Bukavu inaijua kuwa imelipwa na haijafutwa. Niliandika pia, kama hatua zinazoruhusiwa, kwamba ujumbe wowote unaweza kupotea, na kwamba nakala ya flashi inaweza kufika wakati wowote, hata baada ya kila kitu kwisha.

Halafu nikampa mkaguzi mfumo wangu wa zamani, ule wa Mei. Oda mbili tu, mabati matatu tu. Alichukua sekunde chache. Kwenye kioo zikaja hatua nane: Bukavu inatuma omba na nakala inaingia kwenye flashi, Goma inapunguza na kujibu, jibu linapotea, Bukavu inafuta, Goma inarudisha mabati na kung'oa nambari, Bukavu inapata habari hiyo na kufunga oda, flashi inafika na Goma inapunguza upya na kujibu, Bukavu inapata jibu la oda iliyokwisha kufungwa, inalipuuza. Mwisho.

Hakuna aliyemwambia mkaguzi habari ya volkeno wala ya koti. Aliikuta hadithi yetu nzima kwa sababu ilikuwemo ndani ya kanuni zangu tangu siku ya kwanza, ikisubiri. Nilisoma hatua ya saba mara nyingi. Hapo ndipo kijana alipochomeka flashi, kama alivyofundishwa.

Mfumo mpya, wenye kupiga mstari, ulipita sharti lile. Nikafurahi kwa dakika kumi, kisha nikaongeza sharti la pili, oda moja isipunguzwe mara mbili, na hatua moja niliyokuwa naiogopa: umeme kukatika wakati wowote. Mkaguzi akarudi na hatua tano. Goma inapunguza mabati. Umeme unakatika kabla nambari haijaandikwa kwenye diski. Kompyuta inawaka, haikumbuki nambari, ila hesabu imepungua. Bukavu inatuma tena. Inapunguzwa mara ya pili. Kosa hili halikuwa limetupata bado. Katika mji wenye umeme kama wetu, lingetupata. Niliandika upya sehemu hiyo ili kupunguza na kuandika nambari viwe tendo moja: ama vyote viwili vimeandikwa, ama hata kimoja.

Watu huniuliza kama haya si makubwa mno kwa duka la mabati. Walioanza kuyatumia kwa mifumo mikubwa walikuta yale yale. Wahandisi wa Amazon walianza kutumia TLA+ mwaka 2011, na katika makala yao ya 2015 walieleza kwamba kwenye DynamoDB, hifadhi ya data inayosambazwa kwenye mashine nyingi, mkaguzi alipata kosa ambalo njia yake fupi kabisa ilikuwa na hatua 35. Lilikuwa limepita mikononi mwa wakaguzi wa muundo, wakaguzi wa programu na majaribio. Hakuna akili ya binadamu inayotembea hatua 35 za namna hiyo kwa bahati. Na ukubwa wa mfumo si hoja: itifaki ya Needham na Schroeder ya mwaka 1978, ya watu wawili kutambuana kwa siri, kiini chake ni barua tatu tu. Iliaminika miaka 17, mpaka Gavin Lowe alipoonyesha mwaka 1995 kwamba mtu wa tatu anaweza kujipenyeza katikati. Barua tatu! Programu yangu ilikuwa na aina nne za ujumbe na flashi.

Kuna mambo ambayo hisabati hii haikupi. Mkaguzi anakagua mfano niliouandika, hakagui programu inayoendesha duka. Naweza kuandika mfano sahihi na programu yenye kosa. Wako waliokwenda mpaka mwisho: kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4, chenye mistari 8,700 hivi ya lugha ya C, kilithibitishwa mwaka 2009 kwa uthibitisho wa mistari kama 200,000. Hilo ni jambo la kuvuliwa kofia, ila si la mtu mmoja Kadutu. Vilevile mkaguzi wangu anaona oda mbili au tatu, siyo mia. Makosa mengi ya aina hii huonekana kwenye mifano midogo, lakini «mengi» si «yote».

Na kuna masharti ya aina mbili ambayo nilichelewa kuyatenganisha. Moja linasema jambo baya lisitokee kamwe: bati lisitoke mara mbili. Jingine linasema jambo jema hatimaye litokee: kila mteja apate mabati yake au pesa yake. La kwanza unaweza kulitimiza kwa kutofanya kitu. Duka lililofungwa halikosei hesabu. La pili linakulazimisha useme unachoamini juu ya dunia. Niliandika kwamba ujumbe ukirudiwa bila kuchoka, siku moja utafika. Bila sentensi hiyo mkaguzi ananionyesha mteja anayesubiri milele, na hana kosa. Niliandika sentensi hiyo nikifikiria wiki ile ya Mei, na nikaiacha, kwa sababu mtandao ulirudi kweli na boti zikarudi kweli.

Siku hizi, kabla sijagusa kompyuta, nakaa na mwenye kazi na daftari na kumwuliza swali moja: kitu gani kisitokee kamwe? Mama alinijibu mambo manne. La nne lilikuwa hili: «Karatasi ikitoka katika mashini, mutu asiitwe mwizi mbele ya buku zote mbili kusomwa pamoja.» Sikuweza kuliandika kwa TLA+. Tulilibandika ukutani Goma na Bukavu, na nikaongeza kwenye programu ukurasa unaoonyesha historia ya kila nambari kutoka pande zote mbili, pamoja na mistari iliyopigwa.

Kijana yuko bado kwenye depo. Mama alimwomba msamaha mbele ya watu, nami vilevile. Nilimwonyesha zile hatua nane kwenye karatasi, kwa Kiswahili, akazisoma kwa kidole. Tangu hapo ananitumia maswali. Mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari: amechora ziwa, Goma juu, Bukavu chini, mishale, na nambari za hatua. Chini yake ameandika: «Ya kubwa, na kama wakituma flashi mbili, ya leo na ya jana, na ya leo ifike mbele?»

Kwenye mfano wangu flashi ni moja. Nimeufungua tena.